Mwaka Nilioacha Kazi kwa Ajili ya Nyanchama

Sijaisahau siku ile, mwanangu, na usidhani naikumbuka kwa utamu. Ilikuwa siku ya soko pale Kebirigo, miaka ya sabini ilipokuwa imeanza tu, na dada yangu Nyanchama aliingia uani kwetu jua likiwa utosini, furushi moja kwapani, leso imefungwa kichwani mpaka karibu na jicho. Alikuwa ametoka Musoma, ng'ambo ya mpaka, alikoolewa. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umevimba. Akasema ni jino.

Nyanya yetu, aliyetulea baada ya mama kufariki, hakumuuliza kitu. Alimenya ndizi akabandika sufuria motoni. Ndizi zile hazikuwahi kuiva. Kaka yetu Onsongo, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii, alikuwa nyumbani wiki ile, na habari zilikuwa zimemfikia sokoni. Alikuja mbio na baiskeli, akaanza kumsemesha dada yangu kabla hajashuka vizuri.

"Umekuja kututembelea au umekuja kukaa?"

"Nimekuja nyumbani."

"Nyumbani kwako ni kwa Okemwa. Hilo jino, Musoma hakuna wa kuling'oa?"

"Onsongo," nyanya akasema, "mtoto hajanywa hata maji."

"Atakunywa njiani, Magokoro." Magokoro ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha yetu, na ni jina la heshima, lakini siku ile alilitema kama ganda la muwa.

Akamshika dada yangu mkono, akatundika furushi kwenye usukani wa baiskeli, wakaenda kungoja basi. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Hakuacha kuchonga. Na mimi, Moraa, msichana wa miaka kumi na tisa, mwalimu mzima mwenye darasa lake, nilisimama mlangoni na kibuyu cha maji mkononi nisiseme neno. Nilikuwa mtoto wa kuandika, si wa kusema. Hasira zangu zote za ujana zilikuwa zinaishia kwenye madaftari. Mdomoni hazikuwahi kufika.

Nakueleza haya wewe, mwanangu, kwa sababu nimesikia unataka kuomba likizo ya mwaka mzima kazini uende Amerika ukakae karibu na dada yako, na wajomba wako wamekucheka hadharani. Nimesikia pia yule aliyesimama kukutetea ni nani, na alisema nini. Hapo ndipo damu iliponichemka, nikatafuta kalamu. Tulia nikueleze. Mzee akikasirika huwa haendi haraka, anataka kila kitu kikae mahali pake.

Wewe umezaliwa juzi, kwa hiyo lazima nikufafanulie jambo moja. Kwetu Gusii, binti akiolewa, ng'ombe walioletwa kwa ajili yake hawakuwa nyama ya kugawana. Walipangiwa kaka yake, naye akaoa kwa ng'ombe wale wale. Nyanchama alipoolewa, ng'ombe wake ndio waliomletea Onsongo mke, Kerubo. Kwa hiyo Onsongo na Nyanchama walikuwa wamefungwa pamoja kuliko sisi wengine. Dada wa namna hiyo akija kwa kaka yake, anafunua chungu bila kuomba ruhusa. Anamwamuru mke wa kaka yake, na mke anaitika. Ndiyo heshima yake, na ni haki, maana bila yeye nyumba ile isingekuwepo.

Lakini mila hiyo ilikuwa na upande wa pili. Ndoa ya dada ikivunjika, mume hudai ng'ombe wake, na ng'ombe wenyewe wako wapi? Wameshakwenda kwa wakwe wa kaka. Sasa umeelewa kwa nini kaka yangu alikimbia mbio na baiskeli. Hakuona jicho la dada yake. Aliona zizi tupu, na akaona Kerubo akirudi kwao.

Mwezi haukupita vizuri, mtu wa Nyamira aliyefanya kazi kule Musoma akaja likizo na habari kwamba Nyanchama amejaribu tena kutoroka, akarudishwa kutoka stendi. Jumamosi iliyofuata, sisi Wasabato tulipotoka kanisani, Onsongo alikuja kwa baba na sukari na mikate, na uso mpole niliokuwa sijauona tangu aanze kupokea mshahara.

"Baba, nimefikiri," akasema. "Dada yetu ana upweke tu. Hana mwanamke wa kwao wa kuongea naye. Moraa aende akakae karibu naye mwaka mmoja. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, ni rafiki yangu. Atampa likizo isiyo na malipo, na kazi yake itamngoja."

Mwanangu, watu walifurahi! Shangazi zangu walipiga vigelegele. Mzee wa kanisa akasema huu ndio upendo wa kindugu unaohubiriwa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nami nilitaka, nilitaka sana, nilikuwa siwezi kulala kwa kumfikiria dada yangu. Lakini nilijua pia kwa nini nimechaguliwa mimi, wakati kuna binamu wakubwa wanaojua kusema. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa bubu.

Onsongo alinisindikiza mwenyewe, akanipa nauli na ujumbe. "Mwambie avumilie. Mvumilivu hula mbivu."

Nyanya alikuwa ameniaga mapema, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alinishika kidevu kama nilipokuwa mdogo. "Wanakutuma ukawe kamba ya kumfungia," akasema. "Mimi sikutumi hivyo. Nenda ukawe macho yangu. Ukiona kitu, ukione mpaka mwisho, usigeuze uso." Kisha akanisukuma begani, maana alikuwa hataki nimwone akilia.

Okemwa, shemeji yangu, Mkisii mwenzetu aliyefuata kazi Musoma, nilimkuta mtu wa tabasamu. Nakuambia ukweli, ningalikuwa nimemkuta katili mwenye macho mekundu ningalipumzika. Alikuwa nadhifu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, aliimba kanisani sauti ya chini ya kutetemesha madirisha. Alinikaribisha kwa chai, kisha akasema nyumba ni ndogo, mgeni wa mwaka mzima hawezi kuenea. Nikapanga chumba kwa jirani, mwanamke Mkurya aliyeitwa Mama Bhoke, ua mmoja na ukuta mmoja na nyumba ya dada yangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Mama Bhoke alinipa mwiko, nikawa nakaanga naye maandazi ya kuuza kwa wafanyakazi wa kiwandani.

"Wewe ulikuwa mwalimu?" akaniuliza. "Wa Kiswahili?"

"Na hesabu."

"Bora ungefundisha hesabu peke yake. Nyie Wakenya mnasalimiana kama mtu anadai deni."

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Ule ujumbe niliufikisha, maana nilikuwa nimetumwa. Tulikuwa tunabambua karanga, mimi na dada yangu, miguu imenyooshwa mkekani. Nikamwambia, kaka anasema uvumilie, mvumilivu hula mbivu. Nyanchama akatupa ganda, akanitazama kwa lile jicho lililobaki na kovu.

"Moraa, mbivu zote ziko kwa Onsongo. Huku kwangu zinakuja mbichi."

Basi. Sikuurudia tena ujumbe ule. Na tangu siku hiyo nimeichukia methali hiyo, mwanangu, Mungu anisamehe na walioitunga wanisamehe. Nimeishi nikaona kwamba wanaovumilia ni watu wengine, na wanaokula ni wengine.

Mwaka ule haukuwa wa machozi tu, usinielewe vibaya. Kukaa karibu na mtu wako ni chakula ambacho huwezi kutumiwa kwa basi. Nilikuwa nimesahau kwamba Nyanchama huimba puani akifua. Nilikuwa sijui kwamba anaogopa kuku. Alinisuka nywele, akanifundisha kubishana bei na wauza samaki, tukawa tunapita barabarani tukisema Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti mpaka watu wanageuka. Mimi, bubu, nilikuwa napiga kelele kwenye barabara ya ugenini! Na kwa sababu nilikuwa karibu, niliyaona yale ambayo hakuna mtu wa nyumbani angeweza kusimuliwa. Niliona kwamba dada yangu hupika mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha ndani. Nikamuuliza kwa nini anaacha moto unazimwa na mvua. Akasema, "Nikiufunga nitapita wapi?"

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii ninaipenda bado.

Okemwa alipiga mchana, tena mchana mweupe, akitoka kucheza bao na wenzake. Alipiga kama mtu anayepasua kuni, bila kelele, bila matusi, na akimaliza ananawa mikono. Kosa la dada yangu lilikuwa hajazaa. Mimi nilikuwa navuka ua, napiga mlango, naye anafungua akitabasamu: "Shemeji, karibu, dada yako amejikwaa." Mama Bhoke akamwendea na mwiko wa moto siku moja, wanaume wakamwambia mambo ya Wakisii awaachie Wakisii. Nikaenda kwa wazee wa kwetu waliofanya kazi pale kiwandani. Wakanisikiliza vizuri, wakaniuliza, "Onsongo anasemaje?" Kila mlango niliobisha, nyuma yake nilimkuta kaka yangu ameketi.

Halafu ukaja mkono. Tulimpeleka zahanati, mkono wa kushoto umening'inia kama tawi lililovunjwa na upepo. Mganga alikuwa mzee wa miwani. Akauliza nini kimetokea, na dada yangu akasema alianguka akiteka maji. Mganga akaandika. Mwanangu, nilimwona anaandika neno "ameanguka", na hasira ikapita kooni mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa hakikuwahi kupita kitu.

"Hakuanguka!" nikasema. Sauti ilinishtua mwenyewe; mtoto mmoja kwenye benchi akaanza kulia. "Amepigwa na mume wake. Andika amepigwa!"

Mzee akavua miwani. "Wewe ni nani?"

"Mdogo wake. Ninakaa hapo karibu naye."

"Basi sogea karibu zaidi," akasema, akafuta, akaandika upya.

Nikasogea. Mkono ulipofungwa, hatukurudi kwa Okemwa ila kuchukua nguo. Mwaka wangu ulikuwa bado haujaisha, lakini nilikuwa nimeona mpaka mwisho, kama nilivyoagizwa. Okemwa mwenyewe alitufuata hadi stendi, amevaa shati safi. Niliogopa atafanya fujo. Alisimama dirishani, akasema kwa upole ule ule wake, "Nendeni salama. Mwambieni Onsongo nitafuata ng'ombe zangu." Kisha akatupungia mkono. Mama Bhoke, aliyekuwa ametuletea maandazi ya njiani, akatema mate chini karibu na viatu vyake vilivyong'aa, akasema, "Huyo naye, hata nyoka ana aibu ya kujificha."

Sasa sikiliza yaliyotokea nyumbani, maana hapa ndipo watu wanapopindisha.

Onsongo alikuja kesho yake. Alikuta dada yetu ameketi kwenye jua, mkono umefungwa kifuani, nyanya akimlisha uji wa wimbi. Hakumsalimu. Akanigeukia mimi.

"Nilikutuma nini?"

"Ulinituma nimwambie avumilie. Nilimwambia. Mkono wake haukusikia."

Alitaka kunipiga. Hapo baba akainuka kwenye kigoda chake. Baba alikuwa mtu mpole kupita kiasi, na upole wake ulikuwa umetugharimu sana, lakini siku ile aliinuka. "Onsongo, mtoto huyu harudi Musoma. Utatoa ng'ombe."

Na kaka yangu akafanya nini? Alimtazama baba, akageuka, akatembea taratibu mpaka nyumbani kwake, ile nyumba yake mpya ya bati, akaingia, akaketi kitandani mlango ukiwa wazi.

Umeona ujanja huo? Labda hujauona, maana nyinyi siku hizi mnaingia popote. Kwetu, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii hata nyumba ikiungua. Wala hawezi kutamka mbele ya mwanawe mambo ya mke na kitanda. Hiyo ndiyo ensoni, haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto ili waheshimiane. Onsongo aliichukua haya hiyo, iliyowekwa kwa ajili ya heshima, akaifanya ukuta wa kujifichia. Baba alisimama nje ya kizingiti chake, mzee wa mvi, akiita, "Onsongo, toka tuseme." Na Onsongo akajibu kutoka ndani, "Nimechoka, baba. Tutasema nikipumzika." Niliona mikono ya baba imeukamata mwimo wa mlango, miguu ikabaki nje. Mwanangu, nimemzika baba, nimewazika wengi, lakini mikono ile kwenye kizingiti ndiyo iliyonichoma kuliko makaburi yote.

Lakini Onsongo, na kusoma kwake kote, alisahau jambo ambalo kila mtoto wa Gusii analijua. Haya hiyo ni ya baba na mwana. Kati ya nyanya na mjukuu haipo. Nyanya anakutania mpaka uone aibu, anakuita mume wake, anakuuliza mambo ambayo mama yako angefunika masikio asiyasikie. Nyanya aliweka bakuli la uji chini. Akachukua mkongojo wake. Akampita baba pale kizingitini, akaingia.

Sisi wote tulisogea dirishani, sitakudanganya.

"Sogea," akamwambia Onsongo.

"Magokoro, unataka nini?"

"Nataka kulala. Sogea." Akapanda kitandani na miguu yake yenye udongo wa shamba, juu ya blanketi jipya, akajinyoosha. "Kumbe ni laini hivi! Ndiyo maana hutaki kutoka. Unajua kitanda hiki ni cha nani?"

"Ni changu."

"Ni cha Nyanchama. Huyu Kerubo unayelala naye amekuja kwa kwato za ng'ombe wa Nyanchama. Kila ukimgusa mke wako, kuna mfupa wa dada yako unaovunjika huko Musoma. Hukuusikia? Mimi niliusikia nikiwa huku, na masikio yangu haya ya kizee. Wewe kijana ulikuwa unafanya nini hata usisikie? Niambie, mume wangu. Niambie ulikuwa unafanya nini hapa."

Nje, baba aliondoka haraka akaenda nyuma ya migomba, maana maneno hayo hayakuwa ya masikio yake. Shangazi mmoja alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, sijui kwa kucheka au kwa kulia.

"Magokoro, shuka. Watu wanasikia."

"Wacha wasikie. Sishuki. Nitalala hapa kati yako na mke wako mpaka ng'ombe wa mtoto wangu warudi walikotoka, na akili yako irudi ilikotoka. Na usiku huwa nakojoa mara nyingi, nakuonya."

Ndipo Kerubo, mke wa Onsongo, alipoingia kutoka jikoni akipangusa mikono. Tulijua yeye ndiye mwenye kupoteza zaidi. Ng'ombe wakidaiwa kwao, ndoa yake ndiyo inayoyumba. Mimi niliogopa atamkemea nyanya. Akachukua mto wake, akachukua shuka moja.

"Magokoro, lala vizuri," akasema. "Mimi nitalala kwako na Nyanchama. Amenilisha miaka yote hii na sijawahi hata kumshika mkono." Kisha akamwambia mume wake, bila kupaza sauti, "Ukiwa na ng'ombe wako mwenyewe, utanioa."

Akatoka. Akavuka ua, akaketi karibu na dada yangu, akachukua lile bakuli la uji.

Onsongo alitoa ng'ombe. Hakuwatoa kwa moyo. Aliwatoa kwa sababu nyanya alikaa katika nyumba ile, akila humo, akilala humo, akimsalimu kila mpita njia kutoka dirishani kama bibi harusi. Aliuza baiskeli, akauza bati alilokuwa amenunua kwa ajili ya jikoni, akanunua ng'ombe sokoni Magwagwa, na pesa za wengine akakopa kwa wenzake wa ofisini. Na kumbe alikuwa na uwezo! Tangu siku ya kwanza alikuwa nao! Hilo ndilo linaloniuma hata sasa nikichuma majani chai peke yangu. Mkono wa dada yangu ulivunjika ili baiskeli isiuzwe.

Okemwa alipokea ng'ombe wake, akaoa mwingine. Yule naye, nasikia, alijifunza kupika mlango ukiwa wazi.

Na kazi yangu, ile iliyokuwa inaningoja? Nilienda shuleni, nimevaa sketi yangu ya kazi. Mwalimu mkuu, rafiki wa Onsongo, hakuniambia niketi. Akasema darasa lina mwalimu mwingine, na kwamba likizo ile hakuna mahali ilipoandikwa. Waliongea kwa mdomo, yeye na kaka yangu, na mdomo umesahau. Nilirudi nyumbani nikichekwa njia nzima, "Mwalimu wa maandazi! Mwalimu wa maandazi!" na baadhi ya waliocheka walikuwa wanafunzi wangu. Ilinichukua miaka kupata tena darasa, na nililipata mbali, Birongo, ambako hakuna aliyenijua. Sitakuambia haikuuma. Iliuma sana. Lakini kila nilipoumia nilimwona Nyanchama kwenye baraza la duka pale Kebirigo, mguu kwenye cherehani, akishona sare za watoto wa shule na kuimba puani, mlango wa chumba chake umefungwa kwa ufunguo wake mwenyewe. Ningaliambiwa nilipe kazi mbili, ningalizilipa.

Sasa nimefika kwenye kile kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita, kwenye harusi, wajomba wako walipokucheka, Onsongo alisimama na fimbo yake. Amezeeka, watu humheshimu. Akasema, "Msimcheke mtoto. Hata mimi zamani nilimtuma Moraa aache kazi aende Musoma akamwokoe dada yetu. Familia ni muhimu kuliko mshahara." Watu wakapiga makofi. Nyanchama alikuwa ameketi kando yangu. Alitazama sahani yake. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu ilikuwa harusi, na kwa sababu bado ni yule yule wa kuandika. Basi nimeandika. Hakumtuma mtu kuokoa. Alituma kamba, na kamba ikakataa kufunga.

Nenda, mwanangu. Usisikilize wanaokucheka, wala usimsikilize sana anayekutetea. Mwaka mmoja karibu na ndugu yako hauna bei sokoni, na dada yako aliyeko Amerika, hata akikuambia kwa simu kwamba yuko sawa, wewe hujui kama anapika mlango ukiwa wazi. Kaone. Lakini nenda kwa ajili yake yeye unayemwendea. Wanaokusindikiza kwa vigelegele, waulize wanataka umbebee nini, na ukikataa kukibeba, kikatae mapema, usingoje mkono uvunjike kama nilivyongoja. Kazini kwako wakikukubalia, waandike, waweke mihuri, na nakala ubaki nayo. Usiache maisha yako katika kinywa cha rafiki wa kaka. Ukifika kule usiwe mgeni, shika mwiko. Ukiona ubaya, useme hapo hapo, kwa sauti, hata watoto wa watu walie. Haya ni nguo nzuri kwa mtu mwenye heshima, lakini mtu akiifanya blanketi la kujifunikia uovu, ivute, hata kama yuko uchi ndani yake. Na ukirudi ukakuta kazi yako imepewa mwingine na watoto wanakuimba njiani, inua uso upite. Usije ukaruhusu mtu aliyebaki nyumbani akusimulie safari yako.

Mungu aliyenivusha mpaka ule nikiwa bubu akuvushe wewe ukiwa na sauti. Akupe macho ya kuona na miguu ya kurudi. Milango utakayoifungua kule iwe ya amani, na ile utakayoifunga, ufunguo uwe wako. Nenda salama, mwanangu. Nyanchama anakusalimu, anauliza kiuno chako ni inchi ngapi, anataka kukushonea nguo ya safari.